Funza, Upele na Choa: Habari za Magonjwa ya Ngozi na Dawa Zake

Katika vitabu vya Yubilei watu hupenda kusoma habari za makanisa yaliyojengwa, za Maaskofu waliotangulia, na za wakatekista waliokwenda kwa miguu siku nyingi ili kufundisha vijijini. Habari hizo ni njema, nazo zina mahali pake katika kitabu hiki. Lakini yafaa kuikumbuka pia ile miguu iliyotembea, na mikono iliyoshika kitabu, na vichwa vya watoto vilivyoinama darasani. Maana walikuwako adui watatu wa ngozi ambao waliwatesa watu wetu tangu siku za misheni ya kwanza, nao hawajaondoka kabisa hata leo: ni funza, na upele, na choa.

Adui hawa hawakuua watu wengi kama ndui au malale. Kazi yao ni kulemaza miguu, na kunyima usingizi, na zaidi ya yote kutia haya. Mtoto mwenye funza hukaa nyuma ya wenzake. Mwenye upele hakaribishwi mkekani. Mwenye choa cha kichwa huchekwa. Kwa sababu hiyo watoto wengi waliacha shule, na wazee wengine wakaacha kuja kanisani, wasipende miguu yao ionekane.

Nia ya maneno haya ni kusimulia jinsi adui hawa walivyojulikana, na dawa zao zilivyopatikana. Na katika kusimulia, msomaji ataona jambo moja likirudi mara kwa mara: ya kuwa magonjwa haya hayana mgonjwa mmoja. Mgonjwa ni nyumba nzima. Anayemtibu mtu mmoja na kuiacha nyumba yake, hajatibu.

1. SAFARI YA FUNZA

Watu wengi hudhani ya kuwa funza ni mdudu wa asili wa nchi hizi, aliyewajua babu zetu tangu zamani. Sivyo. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya bahari ya Karibi. Wahispania wa kwanza waliofika huko waliumwa naye, wakaandika habari zake.

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1872 merikebu ya Kiingereza, jina lake Thomas Mitchell, ilifika Ambriz katika pwani ya Angola. Ilikuwa imetoka Rio de Janeiro, katika nchi ya Brazili, nayo haikuwa na shehena, ila mchanga wa farumi uliotiwa chini ili chombo kisipinduke. Mchanga ule ulikuwa na funza, akashuka pwani pamoja nao.

Funza hana mabawa, wala haruki mbali. Aliwezaje basi kuvuka bara zima? Alibebwa na miguu ya watu. Siku zile njia za Kongo zilijaa wapagazi, na askari, na wafanya biashara, na watumwa, na kila kambi waliyolala ilikuwa na vumbi la kupokea mayai yake. Mwaka wa 1887 msafara wa Stanley, uliokwenda kumwokoa Emin Pasha, uliingia kwa mlango wa mto Kongo na wapagazi mamia wa Unguja, ukavuka Afrika, ukatokea Bagamoyo mwezi wa Desemba mwaka wa 1889. Waandishi wa habari hizi huuhesabu kuwa miongoni mwa misafara iliyomsogeza funza upande wa mashariki. Mwanzo wa miaka ya 1890 alikwisha kufika kwenye maziwa makuu, na kabla karne haijaisha alikuwa pwani yetu na Unguja. Hivyo miaka kama 25 ilimtosha kutoka bahari moja hata bahari ya pili.

Ajuaye desturi ya mdudu huyu atafahamu kwa nini alienea upesi. Ni namna ya kiroboto, mdogo kama chembe ya mchanga. Jike hujichimbia ndani ya ngozi ya mguu, hasa penye kucha, na katikati ya vidole, na kisiginoni. Akiisha kuingia hunywa damu na kuvimba, hata baada ya wiki moja au mbili huwa kama punje ya mbaazi, yenye doa jeusi katikati. Doa hilo ni sehemu yake ya nyuma, ambayo kwayo hupumua na kutoa mayai kwa mamia. Mayai huanguka vumbini ndani ya nyumba, au uani, au chini ya mti wanapokaa watu. Baada ya wiki tatu hivi hutokea viroboto wapya, nao hutafuta miguu. Yule wa kwanza hufa ndani ya ngozi, lakini kidonda hubaki, na wengine wamekwisha kuingia. Wala si miguu ya watu tu. Nguruwe na mbwa pia hubeba funza.

Katika mwaka wa 1892 msafiri Oscar Baumann alipita katika nchi ya Uzinza, kusini ya Ziwa Viktoria. Aliwaona watu ambao miguu yao ilikuwa imeoza kwa funza, na mashamba yasiyovunwa kwa kuwa wenyewe hawakuweza kutembea, na vijiji vilivyobaki vitupu. Nayo ilikuwa miaka ya msiba juu ya msiba. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na njaa na ndui vikafuata. Mtu aliyedhoofika kwa njaa hana nguvu ya kuinama na kuisafisha miguu yake.

Lakini kwa nini mdudu mdogo aliwashinda watu hodari kiasi kile? Sababu moja kubwa ni kwamba hawakumjua. Waliona uvimbe, wakadhani ni jipu, au ni uchawi, wakangoja. Huko Amerika, alikokuwako siku zote, hata mtoto alijua kumchokoa siku ile ile ya kuwasha. Huku kwetu mdudu alitangulia, maarifa yakachelewa. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo haya mawili: funza ni mdudu, na kufunza ni kuelimisha. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu ulitufunza kwa funza.

2. KAREMA NA MGANGA ATIMAN

Upande wa magharibi funza alikuta kwamba misheni imekwisha kufika. Mwaka wa 1885 Wabelgiji waliwakabidhi Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu huwaita Mapadre Weupe, ngome yao ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Na mwaka wa 1889 alifika pale mtu ambaye jina lake halisahauliwi katika nchi hizi, yaani Adrian Atiman.

Atiman hakuwa Mzungu. Alizaliwa yapata mwaka wa 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo Mali siku hizi. Alipokuwa mtoto mdogo alikamatwa na wauza watu, akavushwa jangwa kubwa, na huko kaskazini Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana wa Kiafrika uganga, wapate kuwa waganga na wakatekista pamoja. Basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma uganga, akaletwa Karema. Alioa katika nchi hii, na mwanawe mmoja akawa padre. Alitibu watu na kufundisha dini pale Karema hata alipokufa mwaka wa 1956, na miaka ya utumishi wake yakaribia 67.

Basi funza alipovuka ziwa kutoka Kongo, mganga alikuwapo. Nasi twajua kazi ya dawa katika misheni za siku zile ilivyokuwa. Baada ya Misa ya asubuhi wenye vidonda waliketi barazani kwa mstari, na vidonda vikaoshwa kwa maji ya moto yaliyopoa, vikapakwa dawa, vikafungwa. Kazi hii haikuwa na sifa. Haikuhitaji kisu wala elimu kubwa, ila ilihitaji mtu wa kupiga magoti mbele ya mguu unaonuka, na kufanya hivyo tena kesho, na kesho kutwa.

Atiman alijifunza pia dawa za miti za wenyeji, wala hakuzidharau. Hili latupasa kulikumbuka, maana watu hupenda kusema ya kuwa maarifa yote ya uganga yalitoka ng'ambo. Kuhusu funza mambo hayakuwa hivyo. Waliojua kumtoa mzima, kwa mwiba au sindano, pasipo kumpasua, walikuwa akina mama na watoto wenye macho mazuri, nao wakawafundisha majirani. Mtu mmoja aliyejua aliweza kuokoa kijiji.

Hata hivyo sindano yenyewe ina hatari yake. Tundu lililoachwa na funza ni mlango wa pepopunda, na watu wengi walikufa kwa ugonjwa huo baada ya kidonda kidogo cha mguu. Tena sindano ikitumiwa kwa watu wengi huweza kuchukua homa ya ini, na siku hizi UKIMWI, kutoka damu ya mmoja hata ya mwingine.

3. UPELE NA KIBIRITI

Upele haukuja kwa merikebu. Huu umekaa na wanadamu mahali pote tangu zamani sana. Lakini habari ya kujulikana kwake inafanana na habari ya funza kwa jambo moja, ya kuwa waliotangulia kujua hawakuwa wakubwa.

Zamani waganga wa Ulaya walifundisha ya kuwa upele hutokana na ubaya wa damu. Katika mwaka wa 1687 mganga wa Kiitalia, Giovanni Cosimo Bonomo, akishirikiana na mwuza dawa wa mji wa Livorno, Diacinto Cestoni, aliandika barua iliyotolewa kwa chapa. Alikuwa amesikia ya kuwa wanawake maskini huwatoa watoto wao kitu kidogo ngozini kwa ncha ya sindano, na ya kuwa watumwa wa Livorno hutoana vivyo hivyo. Hakuwacheka. Alichukua kitu kile, akakitazama kwa hadubini, yaani kioo cha kukuzia vitu vidogo, akaona kidudu chenyewe na hata yai lake. Akasema ya kuwa kidudu hiki ndicho kiletacho upele, nacho hupita kutoka mwili hata mwili.

Lakini wakubwa wengi hawakusadiki. Miaka zaidi ya 140 ikapita. Ndipo mwaka wa 1834 mwanafunzi wa uganga aitwaye Renucci, mtu wa kisiwa cha Korsika, akakitoa kidudu hicho mbele ya waganga wa Paris. Alijuaje? Aliwaona wanawake wa kwao wakifanya hivyo. Waganga walikuwa wakikitafuta ndani ya vipele vyenye usaha. Akina mama walijua ya kuwa hukaa mwisho wa mfereji mdogo kinaouchimba chini ya ngozi, hasa katikati ya vidole na kwenye kiwiko cha mkono.

Dawa ya upele ilijulikana kabla ya kidudu chenyewe. Ndiyo kibiriti, ule unga wa manjano uliochanganywa na mafuta. Wazee wa pwani huuita kibiriti upele, na jina lenyewe ni ushuhuda wa kazi yake. Misheni na shule nyingi zilikuwa na chungu cha mafuta hayo, na harufu yake bado yakumbukwa na waliosoma katika mabweni. Baadaye, katika miaka ya 1930 na 1940, ilikuja dawa ya maji iitwayo benzili benzoeti, ambayo hupakwa mwili wote tangu shingoni hata nyayo.

Kwa nini basi upele hurudi, ingawa dawa zipo? Jawabu lilipatikana Uingereza wakati wa vita kuu ya pili. Mtaalamu Kenneth Mellanby aliwapata watu waliokataa vita kwa ajili ya dhamiri, wakakubali wenyewe kujaribiwa. Tangu mwaka wa 1941, katika mji wa Sheffield, walilala katika mablanketi na kuvaa nguo za askari wenye upele. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Lakini waliolala kitanda kimoja na mgonjwa, mwili kwa mwili, waliupata. Tena alionyesha ya kuwa mtu apatapo upele mara ya kwanza haanzi kuwashwa mpaka wiki kadhaa zipite. Maana yake ni hii: siku mtoto mmoja anapojikuna, ndugu zake wanaolala naye wamekwisha kuwa nao, wala hawajui.

Kwa hiyo watu wote wa nyumba hupakwa dawa siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, nayo hurudiwa kama mganga alivyoagiza. Nguo na mashuka hufuliwa na kuanikwa juani siku ile ile. Wahenga walijua: kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku hizi kuna pia kidonge kiitwacho ivermektini. Asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani, na wataalamu wawili, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2015 kwa ajili yake. Huko Unguja na Pemba, tangu mwaka wa 2001, watu wengi walipewa kidonge hiki pamoja na kingine ili kuzuia matende. Ikaonekana ya kuwa na wagonjwa wa upele wamepungua sana vituoni, ingawa haukuwa upele uliokusudiwa. Ilikuwa hivyo kwa sababu walimeza wote kwa wakati mmoja. Wenye mimba na watoto wadogo hawapewi kidonge hiki pasipo shauri la mganga.

4. CHOA, AMBACHO SI MDUDU

Choa ni kitu kingine. Si mdudu, bali ni kuvu, ndugu wa ukungu ule uotao juu ya mkate uliolala. Jambo hili lilithibitishwa mjini Paris katika miaka ya 1840 na mganga David Gruby, aliyezaliwa Hungaria. Kuvu hii hula sehemu ngumu ya mwili, yaani ngozi ya juu, na nywele, na kucha. Hutanuka kwa mviringo, kingo zikiwa zimeinuka na katikati pakianza kupona. Ndiyo sababu huonekana kama pete au shilingi.

Watu wetu walikiogopa choa kwa sababu nyingine tena. Walikifananisha na ukoma. Na ukoma ulikuwa neno la kumtenga mtu na jamaa zake. Mara nyingi baka la choa lilitosha kumfanya mtu akimbiwe. Kwa hiyo kila mwalimu afahamu tofauti hii: choa huwasha, na mwenye nacho huhisi unapomgusa, lakini baka la ukoma mara nyingi halina hisi. Mtu mwenye baka lisilohisi apelekwe kituo cha afya mara moja, wala asitishwe, maana ukoma nao una dawa ya kuuponya kabisa.

Kwa choa cha mwili dawa ya zamani ni marhamu ya Whitfield, iliyopewa jina la mganga Mwingereza wa mwanzo wa karne iliyopita. Ni dawa ya bei nafuu, nayo yafaa mpaka leo, ikipakwa kwa wiki kadhaa bila kuachwa njiani. Watu wengi huiacha mara ngozi inapokuwa nyororo, na kuvu iliyobaki huota tena.

Lakini choa cha kichwa, ambacho watoto wa shule hukiita mapunye, hakiponi kwa kupakwa tu. Kuvu huingia ndani ya shina la unywele, mahali mafuta yasipofika. Kwa miaka mingi waganga walishindwa. Katika mwaka wa 1939 wataalamu wa London walipata griseofulvini, dawa iliyotolewa katika kuvu ya namna nyingine, na tangu mwaka wa 1958 ikatumiwa kwa wanadamu. Ikimezwa hufika katika unywele unaoota, na kuvu haiwezi tena kuingia. Hivyo kuvu iliponywa kwa kuvu. Dawa hii humezwa kwa wiki nyingi, na siku hizi zipo nyingine, kama vile terbinafini.

Hapa pana maonyo mawili. La kwanza ni wembe. Desturi ya kunyoa watoto wote kwa wembe mmoja, au kwa mashine isiyosafishwa, hupanda choa kutoka kichwa hata kichwa. La pili ni mafuta yauzwayo madukani yenye dawa za steroidi. Hayo hutuliza kuwasha kwa siku chache, na mwuzaji husifiwa. Lakini chini yake kuvu huenea, na choa hupoteza umbo lake, hata mganga akakikosa.

5. SINDANO YA BUBA NA TUMAINI LA WATU

Katika siku za Waingereza, baada ya vita kuu ya kwanza, watu walimiminika kwenye hospitali za misheni na za serikali kwa ajili ya sindano ya buba. Buba haimo katika jamii ya magonjwa tunayoyasimulia, maana huletwa na bakteria. Lakini sindano ile ilifanya ajabu. Vidonda vilivyokaa miezi vilikauka kwa siku chache, na tangu hapo watu wakasadiki ya kuwa kila ugonjwa wa ngozi una sindano yake.

Imani hiyo ilileta heri, kwa kuwa iliwavuta watu waje. Ilileta na hasara, kwa kuwa waliokuja na upele na choa walitaka kuchomwa na kwenda zao. Sindano ya buba iliponya mwili uliochomwa. Lakini kwa upele na funza hakuna sindano iwezayo kufagia nyumba, wala kumpaka dawa ndugu aliyebaki nyumbani.

Elimu ya ngozi yenyewe imekua katika nchi yetu. Hospitali ya KCMC huko Moshi ilifunguliwa mwaka wa 1971 kwa juhudi ya Wakristo, chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Hapo hapo, mwaka wa 1992, kilianzishwa chuo cha kufundisha uganga wa ngozi, na waganga kutoka nchi nyingi za Afrika wamesomea pale, wakarudi kutumika katika wilaya zao. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliutia upele, pamoja na magonjwa mengine ya wadudu wa ngozi, katika hesabu ya magonjwa yaliyosahauliwa.

Funza naye hajafa. Mwaka wa 2014 zilitolewa habari za majaribio yaliyofanywa Kenya kwa watoto wa vijijini. Mguu mmoja ulitiwa katika maji ya permanganeti, kama ilivyokuwa desturi. Mguu wa pili ulipakwa mafuta yaitwayo dimetikoni, ambayo huziba tundu la kupumulia la funza. Baada ya siku saba, katika kila funza 100 wa mguu wa dimetikoni 78 walikuwa wamekwisha, na katika mguu wa permanganeti 39 tu. Hapakuhitajiwa kuchokoa wala kutoa damu. Dawa ipo, basi. Ila haijafika kila kijiji, na mahali isipofika watu hujipaka mafuta ya taa au dawa za mifugo, wakajiunguza.

6. MAMBO YATUPASAYO

Msomaji amekwisha kuona jinsi mambo haya matatu yanavyokutana. Funza hutoka katika vumbi la nyumba, upele hutoka katika kitanda cha pamoja, choa hutoka katika wembe wa pamoja. Hakuna mmoja kati yao atokaye katika dhambi ya mtoto anayeugua.

Lakini sisi tumefanyaje? Palikuwa na shule ambazo mwenye funza alitandikwa viboko mbele ya wenzake, au alirudishwa nyumbani mpaka atakapopona. Alirudi wapi? Alirudi katika lile lile vumbi. Fimbo haikumtoa funza hata mmoja. Ilimfundisha mtoto kuificha miguu yake tu, na mwenye kuficha hupona kwa shida. Vivyo hivyo tumezoea kusema ya kuwa mwenye funza ni mvivu. Mara nyingi ni mzee asiyeona vizuri na asiye na mjukuu wa kumtazama miguu, au mtoto anayelala chini katika nyumba isiyosakafiwa, au mama aendaye mbali kuteka maji, ambaye ndoo moja lazima itoshe kupika, na kunywa, na kuoga watu saba. Uchafu wake si tabia yake, ni njia ya kisima.

Kwa hiyo wenye kazi katika kila parokia na wajiulize. Waalimu, mnapokagua miguu na vichwa, fanyeni hivyo kando, mmoja mmoja, kwa upole, na mtoto mgonjwa asifukuzwe, bali aandikiwe jina lake ili nyumba yake itembelewe. Wazee wa jumuiya ndogo ndogo, mnapokwenda kumwona mwenye upele, chukueni dawa ya kutosha watu wote walalao humo. Vijana, mnapotafuta tendo la huruma, msitafute mbali: sakafu ya udongo iliyopigwa vizuri na kunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, nguruwe na mbwa waliotengwa na mahali pa kulala, jozi ya viatu kwa mzee mmoja, ni matendo makubwa. Nao wanaochokoa funza, kila mtu na sindano yake, iliyochemshwa. Na mtu asiyechanjwa pepopunda aende akachanjwe.

Yubilei katika Agano la Kale ulikuwa mwaka wa kuwafungua waliofungwa na kuwarudisha watu kwao. Wako Wakristo wenzetu ambao kwa miaka mingi wamefungwa nyumbani na miguu yao wenyewe. Bwana wetu, usiku ule wa mwisho, alijifunga kitambaa, akatia maji katika chombo, akaanza kuosha miguu. Nasi kila mwaka, Alhamisi Kuu, twakumbuka jambo hilo kwa miguu kumi na miwili iliyokwisha kuoshwa nyumbani. Ni vema. Lakini baada ya ibada hiyo, beseni lisirudishwe kabatini kabla halijafika katika ile nyumba ya mwisho ya kijiji, ambayo watu wake hawaji kanisani, na sote twajua kwa nini.